Bunduki ya leseni na mipaka ya kujihami: Kenya, Tanzania na Uganda

KILA mara magenge ya vijana wenye mapanga yanapovamia mitaa ya Kisauni, swali moja hurejea vibarazani Mlaleo, Mtopanga na Mishomoroni: je, raia mwema hawezi kupata bastola akajilinda yeye na jamaa zake? Ng'ambo ya kivuko, Likoni, swali hilo huulizwa na wenye maduka ya jumla wanaofunga usiku na fedha za mauzo mfukoni. Changamwe na Miritini huulizwa na wenye malori na wenye nyumba za kupangisha.

Jibu la sheria ni kwamba inawezekana. Lakini jibu hilo ni nusu ya habari tu. Kumiliki bunduki kuna sheria yake, na kuifyatua dhidi ya binadamu kuna sheria nyingine kabisa. Wengi waliojiingiza matatani walikuwa na karatasi zote za sheria ya kwanza, na ya pili hawakuwahi kuisoma. Mambo huzidi kutatanika kwa sababu bara ya kusini ya Mombasa si mbali na mpaka. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni karibu kilomita 100, na wafanyabiashara wa Pwani huenda Tanga na Dar es Salaam kama waendao kwa jirani. Wakishavuka, sheria huwa nyingine.

Kumbukumbu ya Likoni

Wakazi wa bara ya Mombasa hawazungumzii bunduki kama jambo la sinema. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kivukoni, wakawaua askari kadhaa na kutoroka na makumi ya bunduki. Ghasia zilizofuata zilielekezwa hasa dhidi ya watu waliotoka mikoa ya bara ya Kenya. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia hizo pamoja na nyingine za kikabila nchini, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Machi 23, 2014, watu wenye silaha waliingia katika kanisa moja hapo hapo Likoni wakati wa ibada ya Jumapili na kuwafyatulia risasi waumini. Sita walikufa.

Kisauni nayo imeonja madhila ya namna nyingine. Silaha ya magenge yaliyojipa majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, na baadaye lile lililoitwa Panga Boys, haikuwa bunduki. Ilikuwa panga, chombo kinachouzwa dukani bila leseni wala maswali. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mbele ya mahakama, kama itakavyoonekana.

Kumiliki: Kenya

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari chini ya serikali ya kikoloni. Imerekebishwa mara nyingi, ila uti wake wa mgongo haujabadilika. Hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhai katika Kifungu cha 26 na mali katika Kifungu cha 40, lakini haimpi raia haki ya kumiliki silaha. Cheti, kwa hiyo, ni ruhusa ya dola, na dola inaweza kuitwaa.

Mwombaji sharti aonyeshe kwamba ana sababu nzuri ya kuhitaji silaha, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Anayejulikana kwa ulevi, mwenye maradhi ya akili, au yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha hunyimwa. Cheti hudumu kwa mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Rekodi ya mwombaji katika vitabu vya polisi huchunguzwa kabla ya uamuzi.

Hapo zamani kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kutoa leseni. Sheria ya marekebisho ya usalama ya mwaka 2014, ile iliyopitishwa bungeni katika kikao cha vurugu mwezi Desemba, ilianzisha Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, yenye wawakilishi wa polisi, idara ya ujasusi, huduma ya wanyamapori na ofisi ya Mwanasheria Mkuu, miongoni mwa wengine. Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya, na baada ya hapo vyeti vya karatasi vikaanza kubadilishwa kwa kadi za kielektroniki. Karatasi za kughushi zilikuwa zimekithiri, na wapo waliokuwa wakitembea na bastola kwa cheti ambacho hakikuwamo katika daftari lolote la serikali.

Je, sababu nzuri ni ipi? Sheria haikuorodhesha. Hofu ya jumla, kwamba mtaa una wezi, ni hofu ya kila mkazi wa Kisauni, na kama ingetosha yenyewe basi kila mtu mzima angestahili bastola. Anayepata nafasi nzuri ni yule anayeweza kuonyesha hatari inayomhusu yeye hasa: vitisho alivyoripoti polisi na kupewa nambari ya taarifa, biashara inayomlazimu kubeba fedha nyingi, au kazi inayomwekea maadui. Hapa wenye kipato kidogo wamo katika hali ngumu. Mchuuzi anayekatwa panga saa kumi na moja alfajiri akielekea sokoni Kongowea ana hatari kubwa pengine kuliko tajiri wa Nyali, lakini mwenye hati za biashara na wakili wa kuziandaa ndiye huwasilisha ombi linalosomeka. Hilo ni dosari ya mfumo wenyewe, na uhakiki wa 2018 haukuligusa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tafsiri ya silaha katika Sura ya 114 haiishii kwenye mtutu wa risasi. Inagusa pia chombo kilichoundwa ili kurusha kimiminika au gesi yenye madhara. Ile chupa ndogo ya dawa ya pilipili ambayo mwanamke hununua kwa siri ili apite salama gizani yaweza kumtia matatani kwa sheria ile ile iliyokusudiwa majambazi.

Kwa upande wa adhabu, anayepatikana na bunduki bila cheti hukabiliwa na kifungo cha miaka mingi. Ikiwa ni bunduki ya kivita kama AK-47, G3 au MP5, sheria inafikia kifungo cha maisha. Bunduki bandia nayo ikitumika katika uhalifu humtia mhusika hatiani.

Kubeba kwa siri

Kenya haina leseni mbili, moja ya kuweka bunduki nyumbani na nyingine ya kutembea nayo imefichwa. Cheti ni kimoja, na masharti yaliyoandikwa ndani yake ndiyo humwongoza mwenye silaha. Desturi inayotarajiwa ni kwamba raia aifiche bastola yake na asiitoe kutishia au kujitapa. Anayeichomoa katika ugomvi wa kuegesha gari au kuionyesha baa anaipa Bodi sababu ya kukifuta cheti, hata kama hakupiga risasi.

Wakenya wenye jamaa Marekani hupenda kulinganisha, na ulinganisho huo huleta utata kwa kuwa Marekani haina sheria moja. Kila jimbo lina yake. Vermont haijapata kudai kibali cha kubeba bunduki iliyofichwa, na leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 yamefuata mkondo huo. New York ilikuwa upande wa pili: kwa zaidi ya karne moja ilimtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu, sharti linalofanana mno na lile la Kenya. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ililifuta, ikisema raia hapaswi kumweleza ofisa kwa nini anaihitaji haki ambayo Katiba imekwisha kumpa. Mantiki hiyo haiwezi kuhamishiwa Mombasa kwa sababu moja nyepesi: haki yenyewe haimo katika Katiba ya Kenya.

Kumiliki: Tanzania na Uganda

Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, ikachukua nafasi ya ile ya 1991. Sheria hiyo inamtaka mwombaji awe pia amethibitishwa kuwa anaweza kuitumia silaha. Lakini tofauti inayohisiwa zaidi na mwananchi ni njia ambayo ombi hupitia. Kwa desturi ya Tanzania, safari huanzia serikali ya mtaa au kijiji, ikapanda kata, wilaya na mkoa, huku kamati za ulinzi na usalama zikitoa maoni. Majirani wanaulizwa. Mtu anayempiga mkewe au anayegombana kilabuni hujulikana mtaani kabla hajajulikana polisi. Kwa hilo Tanzania inaipita Kenya, japokuwa njia ndefu nayo ina mianya yake ya kuombwa chochote. Mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha zote za raia nchini, miaka miwili kabla ya Kenya.

Uganda bado inaongozwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, yenye lugha inayokaribiana sana na ya Kenya kwa kuwa zote zimechota kisima kimoja cha Kiingereza. Mkuu wa Jeshi la Polisi ana sauti kubwa katika utoaji wa vyeti.

Msafiri kutoka Mombasa hushangazwa na jambo moja anapofika Dar es Salaam au Kampala: mlinzi wa kampuni binafsi mlangoni mwa benki ana bunduki begani. Mombasa mlinzi kama huyo ana rungu na filimbi, na bunduki inayoilinda benki ni ya polisi.

Nchi hizi tatu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, inayozitaka zioanishe sheria zao na kupiga marufuku raia kumiliki silaha za kivita. Hata hivyo, kuoanisha sheria si kutambua vyeti vya mwenzako. Cheti cha Kenya hufikia kikomo Lunga Lunga. Anayevuka hadi Horohoro na bastola chini ya kiti cha gari, akidhani leseni yake ya Nairobi itamtetea, kwa macho ya polisi wa Tanga ni mtu aliyeingiza silaha nchini bila kibali. Ndivyo ilivyo Namanga, Busia na Malaba.

Kufyatua: kipimo cha mahakama

Hapa ndipo sheria ya pili inapoanza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haielezi kujihami kwa urefu. Kifungu cha 17 kinasema tu kwamba wajibu wa jinai wa anayetumia nguvu kujilinda au kulinda mali utaamuliwa kwa misingi ya sheria ya kimapokeo ya Uingereza. Maana yake ni kwamba mkazi wa Chaani hawezi kuisoma haki yake katika kitabu cha sheria za nchi yake. Imo katika maamuzi ya majaji, mengine ya London.

Misingi hiyo ni miwili. Kwanza, je, mtu huyo aliamini kwa dhati kwamba anashambuliwa au yu karibu kushambuliwa? Pili, je, nguvu alizotumia zililingana na hatari kama alivyoiona? Majaji wamekubali mara nyingi kwamba anayevamiwa usiku hana mizani ya kupimia kila tendo, na hawamdai utulivu wa mtu aliyeketi kitini. Si lazima asubiri apigwe kwanza. Wala halazimiki kukimbia, ingawa nafasi ya kuondoka salama aliyoiacha itatajwa na kiongozi wa mashtaka.

Kwa hiyo, vijana watatu wenye mapanga wakimzingira mtu uchochoroni Mishomoroni na mmoja akainua panga, anayefyatua bastola ana utetezi wenye nguvu. Panga huua, na mahakama hazihitaji kuelezwa hilo. Aliyeelekezewa bastola ambayo baadaye ilibainika kuwa ya kuchezea naye hahukumiwi kwa alichokuja kukijua asubuhi. Anapimwa kwa alichoamini wakati ule.

Hali hugeuka pale mvamizi anapogeuka. Kijana aliyenyakua simu na kukimbia, akapigwa risasi ya mgongoni akiwa mita 30, hakuwa tena tishio kwa maisha ya mtu. Mwizi wa nazi aliye juu ya mnazi hali kadhalika. Mali huweza kulindwa kwa nguvu, ila nguvu ya kuua kwa ajili ya mali pekee ni nadra sana kukubaliwa. Mfano unaojulikana ulitoka huko huko Uingereza. Mwaka 1999 mkulima Tony Martin wa Norfolk aliwapiga risasi wezi wawili waliovunja nyumba yake usiku, na mmoja, kijana wa miaka 16, akafa. Martin alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2000. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilipunguza kosa likawa kuua bila kukusudia, na sababu ilikuwa hali yake ya akili. Dai la kujihami lilikataliwa.

Aliyejihami kwa haki lakini akapita kiasi yu katika hali gani? Uingereza ilishikilia kwamba ama ulijihami ukaachiliwa, ama hukujihami. Mahakama za Afrika Mashariki ziliona vingine. Katika maamuzi yanayorudi nyuma hadi miaka ya 1950, zimekubali kwamba nguvu iliyozidi inaweza kushusha kosa la mauaji likawa la kuua bila kukusudia. Ni huruma ambayo majaji wa hapa waliiongeza wenyewe.

Tanzania iliandika, Kenya haikuandika

Tanzania haikutaka kubaki na maneno ya majaji. Mwaka 1980 bunge lake liliongeza vifungu vya 18A, 18B na 18C katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Cha kwanza kinatamka wazi kwamba kila mtu ana haki ya kujilinda, kumlinda mwenziwe na kulinda mali aliyo nayo kihalali. Cha pili kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika, na anayesababisha kifo kwa kupita kiasi ana hatia ya kuua bila kukusudia. Cha tatu kinataja hali ambazo haki hiyo inaweza kufika hadi kuua, mradi mtu awe na imani ya dhati yenye msingi: kuhofia kifo au jeraha kubwa, jaribio la ubakaji, utekaji nyara, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto.

Uganda nayo imeandika katika Kanuni ya Adhabu yake kwamba anayeuzuia uvamizi usio halali kwa nguvu zisizozidi mahitaji hana hatia.

Tofauti si ya maneno tu. Mtu wa Tanga aliyempiga risasi mvunjaji wa nyumba hufungua kitabu na kukuta kosa la mvunjaji limetajwa kwa jina. Halimwachilii moja kwa moja, kwa kuwa imani yake bado itapimwa, lakini ana pa kuanzia. Mtu wa Mtongwe, Likoni, katika tukio lile lile, anaanza na sentensi moja inayomwelekeza Uingereza. Miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, hakuna sababu ya kuridhisha kwa nini Bunge la Kenya halijafanya kama la Tanzania.

Baada ya mlio

Mwenye leseni aliyempiga mtu risasi Kisauni atarajie yafuatayo. Bastola itachukuliwa kama kielelezo, na maganda ya risasi yatapelekwa kwa wataalamu yalinganishwe nayo. Atahojiwa, na ana haki ya kunyamaza hadi wakili afike. Ikiwa mtu amekufa, huenda kukawa na uchunguzi wa hakimu kuhusu kifo au akashtakiwa moja kwa moja. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu.

Akishtakiwa, sheria inamlinda kwa jambo moja ambalo washtakiwa wengi hawaliamini mpaka walisikie kwa jaji. Si kazi yake kuthibitisha kwamba alijihami. Akishalitoa dai hilo likiwa na ushahidi wa kuliunga mkono, ni juu ya upande wa mashtaka kulivunja pasipo shaka yoyote ya msingi. Ndiyo maana maelezo ya mwanzo ni muhimu: nani aliona, taa zilikuwapo au la, panga liliokotwa wapi, marehemu alipigwa mbele au nyuma. Anayeuondoa mwili, kuokota maganda au kwenda nyumbani kulala bila kuripoti huwapa waendesha mashtaka kazi rahisi.

Na kanuni hizi zote hazimhusu mwenye bastola peke yake. Aliye na rungu nyuma ya mlango huko Magongo, au aliyeunyakua mchi jikoni, anapimwa kwa Kifungu cha 17 kile kile. Umati unaomkamata mshukiwa Bombolulu na kumtia tairi shingoni unapimwa nacho pia, na hauna utetezi: mtu aliyekwisha kushikwa na kufungwa kamba hashambulii.